Majani Mabichi kwenye Statuti

Juzi, baada ya misa, dada mmoja anayeuza vitenge hapa Walikale, tulikokimbilia vita, alinishika mkono. "Mama," akasema, "weye ulikuwa unauzaka kwa telefone kule Sake. Niambie, muntu wa biashara anapashwa kuweka saa ngapi kwa telefone kila siku?" Aliuliza kwa heshima, kama mtu anayemuuliza fundi. Uso wangu ukawaka. Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba, nikamjibu kwamba hapa rezo ya telefone yenyewe mtu anaifuata kilimani, kwa hiyo asijisumbue. Akacheka, akaenda zake. Nikabaki nimesimama na mkoba wazi, naona haya mbele ya mtu ambaye hakujua lolote.

Kule Sake nilikuwa na butiki kando ya barabara, pale magari ya Goma yanapopumzika kabla ya kupanda Masisi. Sisi tuliotoka upande wa Butembo, watu wanatutania kwamba tunauza hata tukiwa usingizini, na sikatai. Niliuza sabuni, chumvi, mafuta, mishumaa, lakini jina langu lilikuwa fromaji, yaani jibini. Mtu hakusema "twende kwenye ile butiki", alisema "twende kwa Mama Fromaji". Fromaji yangu ilitoka Karuba, kwa papa mmoja aliyeipika mwenyewe, maziwa ya ng'ombe zake na za majirani. Kila alfajiri ilipokuwa tayari alimpa mwendesha pikipiki, imepangwa ndani ya mfuko, kila mviringo umefunikwa kwa majani mapana yaliyokatwa saa ile ile kando ya kijito. Ikifika kwangu, majani bado mabichi, yana maji. Jioni yameshalegea, na kesho yake yamekuwa meusi pembeni.

Hayo majani ndiyo yaliyonigombanisha na mwalimu wa formasio. Watu wa shirika moja walituita Goma, sisi wenye biashara ndogo, wakatufundisha kuuza kwa telefone. Mwalimu alikuwa kijana mwenye viatu vilivyochongoka mbele, anaongea Kifaransa kwanza halafu anatutafsiria kama anatupa sadaka. Akasema: masaa mawili kila siku. Picha, maneno matamu, kujibu watu, na usinyamaze hata siku moja, kwa sababu anayenyamaza anasahauliwa. Alipoona picha yangu ya fromaji akakunja pua. "Mama, toa majani, weka kitambaa cheupe. Majani yanaonyesha uchafu." Nikamwuliza kama alishawahi kukamua ng'ombe hata mara moja. Ukumbi wote ukacheka, naye akanipita kama hakusikia. Majani niliyatetea, lakini yale masaa mawili niliyameza mazima mazima, bila hata kutafuna.

Nikaanza. Asubuhi pikipiki ikifika, kabla sijauza hata kipande, nafungua mfuko, napiga picha ya fromaji na majani yake, naweka kwenye statuti, pale kwenye telefone ambapo kila mwenye namba yangu anaiona. "Imefika asubuhi hii kutoka Karuba!" Halafu nakaa nyuma ya meza kuhesabu macho ya watu walioitazama. Aka! Kumbe inanoga. Wali uliungua. Mteja alisimama na kuondoka bila sabuni. Mume wangu, ambaye ni mtu mpole kuliko mimi mara kumi, akawaambia majirani kwamba mke wake ameolewa tena, na mume mpya ni telefone, anakula mega za intaneti tu, hali ugali. Nilimkemea mbele za watu. Nikamwambia yeye na ukoo wake wote hawajui biashara.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya butiki yangu kabisa, mama mmoja wa Karuba aliuza sombe, majani ya muhogo. Vita vilipokaribia kwao alishuka na watoto wake, akapanga chumba kwenye nyumba ya mbao. Mama yake mzazi alibaki juu. Bibi yule alikuwa na ng'ombe mmoja na akakataa katakata kumwacha. Kwa hiyo binti yake alikuwa anangoja siku moja tu ambayo njia itatulia, apande, amshushe mama yake, hata kwa kumbeba. Watu wote wa pale sokoni tulijua. Kila asubuhi, kabla ya kutandaza sombe yake, alivuka barabara akaniuliza: "Mama Fromaji, njia iko aje leo?" Na mimi nilijua, maana mtu wa pikipiki ndiye aliyekuwa ametoka huko. Nilikuwa namjibu. Imefungwa. Kuna watu wenye silaha njiani, Mushaki. Ngoja kwanza. Anashukuru, anarudi kwenye sombe yake.

Halafu yakaja masaa yangu mawili. Swali lake likaanza kunikuta katikati ya kazi, nimeinamia telefone, najibu mtu wa Goma anayetaka kujua fromaji inapatana na mkate gani. Siku moja nikamwambia, hata kichwa sikuinua: "Mama, si uangalie statuti yangu! Kila kitu iko pale." Akasema, "Eeh, haya, mama, asanti." Alikuwa na telefone ya zamani ya mume wake, kioo kimepasuka. Tangu siku ile akaacha kuvuka barabara. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona nimepunguziwa usumbufu.

Kadiri mabomu yalivyosikika karibu, macho kwenye statuti yangu yakaongezeka. Watu wa Sake, wa Goma, wa Minova, hata watu nisiowajua waliopewa namba yangu na wengine. Nilijiona profesa. Nilimwonyesha mume wangu: tazama, vita vinatisha lakini Mama Fromaji anapanda tu! Akauliza, "Na fromaji, inanunuliwa zaidi?" Haikununuliwa zaidi. Nikamwambia watanunua tu, kwanza wanazoea. Haikunipitia kichwani kujiuliza watu wanatazama nini kwenye picha ya fromaji wasiyoinunua.

Ikafika asubuhi pikipiki haikufika. Mwendeshaji akanipigia akiwa njiani: wamemrudisha kabla ya Mushaki, wanapigana, ameacha mfuko kwa watu na hajui kama ataupata. Nikamwambia pole, rudi nyumbani. Nikakata. Halafu nikakumbuka mwalimu wangu wa viatu vilivyochongoka, usinyamaze hata siku moja. Ndani ya butiki nilikuwa na miviringo miwili ya wiki iliyopita, mizima kabisa, mitamu. Nitawaonyesha hii, yenye ngozi iliyokauka? Nikatafuta kwenye telefone picha nzuri ya zamani, majani yanang'aa, bado yana matone. Nikaiweka. Nikaandika: "Imefika asubuhi hii, ingali na majani yake!" Nikajiambia si uongo mkubwa, fromaji ni fromaji. Watu wakaanza kutuma mioyo, na mimi nikaanza kuwajibu mmoja mmoja.

Nilipoinua kichwa jua lilikuwa juu. Meza ya sombe ng'ambo ilikuwa imefunikwa kwa gunia. Nikavuka, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nikamwuliza mama muuza ndagala, wale samaki wadogo wakavu, anayekaa pembeni ya meza ile. "Mwenzako ni mgonjwa?"

"Amepanda Karuba kumuchukua mama yake," akasema. "Amepata pikipiki asubuhi. Si uliandika njia iko muzuri?"

"Mimi? Nimeandika wapi?"

Akanitazama kana kwamba namchezea. "Majani, Mama. Tuliona majani iko mabichi. Majani ikiwa mabichi, njia iko wazi. Sisi wote tunaangaliaka ile. Radio inasema yake, bantu banasema yao, lakini fromaji haiwezi kushuka kama njia imefungwa."

Ee Mungu wangu. Nikakaa chini pale pale, kando ya meza ya sombe. Kumbe yale macho yote, usiku na mchana! Hawakuwa wateja wangu. Walikuwa watu wenye mama zao juu milimani, waume zao, mashamba yao, wanasoma majani. Soko zima lilijua kusoma statuti yangu isipokuwa mimi niliyeiandika.

Nikapiga kwa papa wa fromaji Karuba. Hakuna rezo. Nikapiga kwa mwenye pikipiki aliyempandisha. Hakuna. Nikakimbia kwenye butiki nikaifuta picha. Hapo hapo ujumbe ukaingia kutoka Goma: "Mama, umeondoa juu ya nini? Imekwisha?" Mume wangu akasema niandike ukweli. Na ninasema hili huku nimefunika uso: sikuandika mara moja. Nilikaa nikitafuta maneno. Nilifikiri watasema Mama Fromaji anauza uongo, nitapoteza jina. Mwanamke yuko njiani kuelekea kwenye risasi, na mimi natafuta maneno matamu! Mume wangu, yule mpole, akapiga meza kwa mkono mpaka mizani ikaruka. "Andika!"

Nikaandika: "Ile foto ni ya zamani. Leo fromaji haikufika. Njia imefungwa. Musipande." Ndilo tangazo fupi kuliko yote niliyowahi kuweka. Matusi yakaanza kuingia na yalinistahili. Mwanamume mmoja alipiga simu akasema alikuwa ameshapakia watoto kwenye gari, kisha akanitukana mpaka pumzi ikamwishia, na mimi nikawa nasema tu ndiyo, papa, ndiyo. Lakini yule wa sombe alikuwa amekwisha kupanda, na telefone yake haikuwa na mega ya kusoma mara mbili.

Siku ile ikapita, na ya pili. Watoto wake nikawaleta kwangu, nikawapikia, sikuweza kuwatazama usoni. Mkubwa aliniuliza kama mama yao atarudi na ng'ombe au bila ng'ombe, nikaenda kuosha sahani zilizokuwa safi.

Siku ya tatu mchana watu wakapiga kelele barabarani. Alikuwa anashuka kwa miguu, matope mpaka kiunoni, mguu mmoja umevimba, na mgongoni amembeba mama yake kwa kitenge kama mtoto. Wakati wa kupanda pikipiki ilimwacha njiani. Alifika nyumbani kwao kwa njia za mashambani, akamtoa bibi kwa nguvu, wakalala kwenye maharage mvua ikiwanyeshea. Ng'ombe alibaki. Bibi alikuwa hai, na hasira zake zilikuwa hai kuliko yeye. Hata kabla hawajamteremsha alikuwa anamgombeza binti yake juu ya yule ng'ombe.

Nilivuka nikimkimbilia. Akanishika mikono yangu miwili, mbele ya soko zima, na machozi. "Asanti, Mama Fromaji! Mungu akubariki! Kama sikuona majani yako singepanda. Wamechoma nyumba siku ileile tulitoka. Ningemukosa mama."

Watu wote walisogea karibu. Walishasoma tangazo langu la pili, walijua, na walikuwa wananitazama kuona nitafanya nini na ile baraka. Nitakuwa mkweli, nilitamani kuichukua. Ilikuwa pale mkononi mwangu, moto, ya bure. Mama muuza ndagala alikohoa. Nikamwambia. Nikamwambia picha ilikuwa ya zamani, kwamba nilijua njia imefungwa, mtu wa pikipiki alikuwa amenipigia kabla sijaiweka. Nilisema vibaya, kwa kigugumizi, mimi ambaye mdomo wangu hauna mlango.

Aliachia mikono yangu polepole. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alitazama butiki yangu, akatazama meza yake, na barabara iliyo katikati, ambayo hata mbuzi anaivuka kwa kuruka mara chache.

"Mama," akasema, "mimi niko hapa tu, ngambo. Si ungeniambia na kinywa?"

Baadaye aliendelea kuuza sombe yake, na tulisalimiana kila siku, vizuri, kama majirani. Nami nikaendelea na statuti, lakini kwanza nilipiga simu Karuba, na siku ambayo hakuna kitu niliandika hakuna kitu. Asubuhi nilikuwa navuka mwenyewe kumwambia habari za njia kabla hajauliza. Alisikiliza, akasema asanti. Mimi mwanamke wa biashara, nilidhani nimeshalipa deni.

Mpaka siku vita viliposhuka vyenyewe hadi Sake. Mtu wangu wa pikipiki alipita mbio, akanipigia kelele bila kusimama: wanakuja, ondokeni! Telefone sikuigusa. Nilitupa kila kitu nikavuka barabara, nikamwambia kwa kinywa changu, kama alivyotaka: "Mama, twende. Beba bibi na watoto. Wanakuja, twende sasa hivi!"

Mikono yake ilikuwa ndani ya sombe. Aliniinulia macho. "Ni kweli?" akauliza.

"Ni kweli, mama. Haki ya Mungu, ni kweli."

Hakusimama. Aligeuka kwanza akamtazama mama muuza ndagala, na yule alipotikisa kichwa kukubali, ndipo akainuka kwenda kumbeba mama yake.