Hesabu za Dada Kibarazani

Kila ninaponusa kahawa mbichi iliyoanikwa juani, siwezi kutulia. Hunirudisha kwenye kibaraza chetu cha Nyakasimbi, asubuhi ile mama aliposhikwa na uchungu kabla ya wakati, baba akampakia kwenye bodaboda kumpeleka zahanati.

Nilibaki na dada yangu mkubwa. Kila nilipoinuka kuchungulia njia, alinivuta gauni nikae.

"Betri ya volti kumi na mbili," alisema, akichora vumbini kwa kijiti. "Rezista mbili sambamba, omu sita na omu nne. Mkondo wote ni kiasi gani?"

"Dada, mbona hawarudi?"

"Kila rezista inapata volti zote kumi na mbili. Gawanya, kisha jumlisha."

"Mbili na tatu. Ampea tano," nilijibu, masikio yangu yakiwa barabarani.

Alifuta, akachora nyingine, na nyingine tena. Jua lilikuwa utosini baba aliporudi, peke yake.

"Amejifungua," alisema. "Wazima."

"Wote wawili?" dada aliuliza.

"Wote, mwanangu."

Nilirukaruka uani. Dada, ambaye sauti yake haikutetemeka tangu asubuhi, aliketi juu ya mchoro wake, akajifunika uso kwa kanga ya mama, akalia.