Tulivyoupeleka Msalaba wa Shaba Lubudi kwa Baiskeli

Tuliondoka Musonoi, kambi ya mgodi huko Kolwezi, kwa sababu ya bibi kizee ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Rafiki yangu Kabeya alitaka kumwoa Mujinga, binti wa jirani yetu, na mahari ilikuwa imekwisha kupangwa: blanketi mbili, koti la baba, jembe na mfuko wa chumvi. Vyote hivyo vilipatikana sokoni Manika. Ndipo ikaja barua kutoka Lubudi, iliyoandikwa na katekista kwa niaba ya nyanya yake Mujinga. Nyanya hakutaka blanketi wala chumvi. Alitaka kitu kimoja: msalaba wa shaba, wa aina ile ambayo wazee waliyeyusha wenyewe na kuolea kabla reli haijafika. Barua iliongeza, "Usiwe wa kampuni," yaani usitengenezwe kwa shaba ya mgodi. Na Mujinga, ambaye nyanya huyo ndiye aliyemlea, alisema wazi kwamba bila baraka yake haolewi.

Kabeya alicheka kwanza, halafu akaisoma barua tena. Alikuwa fundi katika karakana ya mgodi, na kila siku aliiona shaba ikipita mbele ya macho yake kwa mabehewa. Lakini baba yake aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana, na sanduku moja la mbao, na nyumbani kwao hapakuwa na kitu hata kimoja kilichoitangulia kampuni.

"Mi niko mutoto ya kampuni tu," aliniambia. "Hata kitanda nilizaliwa juu yake, iko na namba."

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na shule zilikuwa zimefungwa. Miaka hiyo, kwa amri ya serikali, tulikuwa tumefuta majina ya ubatizo katika madaftari na kuandika ya mababu, kwa hiyo habari za mababu zilikuwa karibu na kichwa changu. Nikamkumbuka shangazi yangu, dada wa baba, aliyeishi ng'ambo ya Lualaba. Utotoni niliuona msalaba wa namna hiyo ukining'inia juu ya meko yake, mweusi tii. Kabeya alipewa siku kumi na mbili za likizo. Tukapaka minyororo mafuta, tukafunga viraka na pampu kwenye vyuma vya nyuma, tukaaga.

Siku ya kwanza tulitoka king'ora cha zamu ya asubuhi kikilia. Baridi ya asubuhi za kiangazi ilikuwa kali, na ukungu ulikuwa umejaa katika mashimo ya mgodi hadi kwenye midomo yake, mtu angedhani ni maziwa ya maji. Wanaume waliokwenda kazini walitupungia mikono. Mmoja alimwuliza Kabeya kama amefukuzwa. Baada ya saa moja vumbi la mgodi likawa nyuma yetu, ikabaki barabara nyekundu, vichuguu, na miti iliyoungua chini lakini ikachipua majani mapya juu. Hewa ilinuka majani yaliyochomwa. Nilipiga pedeli nusu nikiwa macho, nusu nikiota, nikisikia tu mnyororo wa Kabeya ukilia mbele yangu.

Jioni tulivuka Lualaba na kufika kwa shangazi. Aliposikia kengele alitoka na unga mikononi.

"Mwalimu! Na hii kinga mulitosha wapi, mu vita?" alisema akitazama baiskeli yangu, ambayo kwa kweli ilikuwa imezeeka.

Tukala bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Baada ya kula nilimweleza haja yetu, nikiogopa, maana kitu cha watu si cha kuombwa hivi hivi. Shangazi alisogea karibu na meko. Alichukua kijiti, akautungua msalaba kutoka juu ya meko, akauweka kwenye mapaja yake. Ulikuwa na urefu wa shubiri moja, mzito kuliko ulivyoonekana.

"Ilikuya hapa siku niliolewa," alisema. "Binti sina. Inalala bure. Muende nayo, ikaoleshe mutu."

Nilimshukuru. Kesho yake hakuturuhusu kuondoka. Aliona haya kumwacha mgeni aende bila kula kuku. Siku ya tatu aliuviringisha msalaba katika kitambaa, akautia mikononi mwa Kabeya. Hakutuonya lolote. Nani angewaza kwamba duniani kuna watu wa kuosha kitu kile?

Siku hiyo ya tatu barabara ilipanda kwenye uwanda wa juu. Sijawahi kuona nyasi nyingi namna ile. Zilikuwa rangi ya simba, zikilala na kuinuka pamoja kwa upepo, na hakuna mti hadi macho yanapoishia. Tuliteremka, tukazikokota baiskeli bila haraka. Kabeya alikuwa ameuweka msalaba kifuani, ndani ya koti. Aliniambia baadaye kwamba shaba ilipata joto la mwili wake na alipokuwa akitembea alijiona ana moyo wa pili. Kama ni uongo, ni uongo mzuri.

Saa tisa mchana tulifika kwa mzee mmoja mchoma makaa, Tata Mwamba, aliyekaa na mkewe pembezoni mwa msitu, penye kijito. Walitukaribisha bila kutuuliza tunakotoka mpaka tulipokuwa tumekwisha kunywa munkoyo, kinywaji chao cha mahindi na mizizi, kitamu na kizito. Nyuma ya nyumba palikuwa na mndimu umejaa ndimu.

Hapo ndipo tulipokosea. Lazima nieleze jinsi tulivyolelewa. Katika kambi za mgodi, siku zetu za utoto, mkaguzi wa usafi alikuwa akipita nyumba kwa nyumba. Kila Jumamosi mama zetu walizisugua sufuria kwa mchanga na ndimu, wakazipanga ukutani mpaka jua likarukaruka juu yake. Mke mwenye sufuria nyeusi alichekwa mtaa mzima. Kwetu sisi kitu chenye heshima ni kitu kinachong'aa.

Kabeya alichuma ndimu mbili, akachota jivu, akashuka kijitoni. Nami sikumzuia. Nilikwenda nikaikamua ndimu ya pili kwa mikono yangu mwenyewe. Weusi ulitoka polepole, ukaenda na maji kama moshi mwembamba, na chini yake ikatokea shaba nyekundu, nyororo, ikiwaka kwa jua la jioni. Tuliona nyuso zetu ndani yake. Tulifurahi kama watoto.

"Sasa kambo ataona kama niko mutu," alisema Kabeya. Kambo ndiyo nyanya kwa lugha ya kwetu.

Mke wa Tata Mwamba alisimama juu ya ukingo na ndoo yake, akatutazama muda mrefu. Mgeni hasahihishwi kazi yake, naye akateka maji yake, akaondoka.

Siku ya nne, kabla ya saa sita, tuliona paa za Lubudi na mabehewa yaliyosimama stesheni. Kambo alikuwa amekaa mlangoni mwa nyumba yake, karibu na mashamba, akibambua karanga. Alikuwa mdogo wa umbo, na macho yake hayakukaa mahali pamoja.

"Eh! Bwana yangu anafika!" alimwita Kabeya, kwa utani wa nyanya na mchumba wa mjukuu. "Na anakuya na muzee ya kumukokota!" Huyo mzee ni mimi, nilikuwa na miaka ishirini na saba.

Kabeya alipiga magoti, akafungua kitambaa kwa mikono miwili.

Mikono ya kambo iliacha karanga. Aliuchukua msalaba, akaugeuza, akauinua puani.

"Hii inatoka ku masini ya kampuni," alisema. "Hapana. Iko na harufu ya ndimu. Mulisugua?"

"Nilisafisha, kambo. Juu ya heshima."

"Heshima!" Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. "Batu bote balishikaka hii mukuba, hii shaba, mikono yabo ilikuwa mule mu ile weusi. Moshi ya nyumba yabo. We unabafuta na ndimu, unaniletea kijiko!"

Kabeya, fundi wa mgodi mwenye mabega mapana, alilia pale pale, magotini. Nilikuwa na haya ya kutaka ardhi inimeze. Nikamwambia kambo kwamba ndimu moja niliikamua mimi, nikamtajia jina la shangazi, kijiji chake, na siku msalaba ulipoingia nyumbani kwake. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mi naitika maneno yako," alisema. "Lakini barehemu habataijua tena hii mukuba. Mafiga iko kule ndani. Tundika. Ni weye ulifua, ni weye utaipikia moshi. Ikikuwa nyeusi, tutasema mambo ya ndoa. Ikikataa, utairudisha kwa mwenyewe."

Siku tano zilizofuata zinanijia hata leo kama siku moja ndefu. Asubuhi tulikata kuni zilizokauka, mchana tulikaa ndani ya moshi, jioni tulikaa nje na kukohoa. Kabeya hakujua moto wa kuni. Kwao walipikia makaa kwenye mbabula, jiko la bati lenye matundu, na aliweka kuni kama mtu anayepanga spana. Moto ulimzimikia, kambo akacheka hadi akajishika ubavu, halafu akamwonyesha jinsi ya kusukuma ukuni kidogo kidogo. Kabeya alipokuwa akichochea, kambo alimsimulia habari za Mujinga alipokuwa mdogo: alivyoogopa treni, alivyokuwa akilala kwenye kona ile kwa sababu ya joto. Kabeya alisikiliza macho yakimtiririka, na sikujua tena ni moshi au ni nini. Nje garimoshi lilipita, lenye shaba ya Kolwezi, likielekea mbali. Mara nyingine nililala kwenye mkeka nikiwasikia wale wawili, nikaona kama wamekuwa pale tangu zamani na mimi ndiye niliyefika jana.

Siku ya kumi asubuhi, siku yetu ya kuondoka, kambo aliutungua msalaba na kuufuta kwa kidole gumba.

"Iko kama karanga ya kukaanga," alisema. "Haiyakuwa bado nyeusi."

"Kambo, siku zangu zinaisha. Nisipofika, ninapoteza kazi."

Aliurudisha juu ya moto. Kabeya alitoka, akaanza kufunga mzigo wake. Kamba ilimshinda, nikamfungia mimi.

"We!" kambo aliita kutoka mlangoni. "Unaenda vile? Muke yako, anajua bado kuwasha moto ya kuni, ao sasa anajua ile mbabula tu?"

Kabeya aligeuka. "Kambo, unasema nani?"

"Muke yako. Mukuye naye mvua ikianza. Nitachoka kuchochea peke yangu." Akarudi kwenye karanga zake.

Tulirudi kwa siku tatu na sikumbuki kilima hata kimoja. Kwa Tata Mwamba tuliomba radhi kwa zile ndimu, na mkewe akacheka hatimaye. Shangazi nilimweleza ukweli wote. Aliziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakamtikisika, kisha akauliza jambo moja tu.

"Iko juu ya moto?"

"Iko, shangazi."

"Bon. Basi inafika."

Siku ya kumi na mbili, jua likishuka, tuliingia Musonoi. Mwalimu huenda safari akidhani atarudi na mambo ya kufundisha. Mimi nilirudi na moja: kabla sijamsafishia mtu kitu chake, nimwulize kwanza kama ni uchafu. Mama yangu anasema jambo hilo hata mtoto analijua.

Mama yake Kabeya alikuwa ametangulia kutupokea na beseni la maji na sabuni, akiziba pua, akimwamuru mwanawe avue koti lile mara moja. Mujinga akatoka mbio nyumbani kwao. Alitaka kuuliza, nikaona swali limemfika midomoni, lakini alisimama ghafla. Alilishika koti kwa kola, akaweka uso wake ndani yake, akavuta pumzi.

"Hii ni moshi ya kwa kambo," alisema, akaanza kulia na kucheka pamoja.

Mama mkwe alinyoosha mkono wake wenye povu ili apewe koti. Mujinga alilikumbatia, akarudi nyuma hatua moja.

"Hapana, mama," alisema. "Tusifue."