Mwanafunzi Wangu Mtani

Watu hudhani mwinjilisti huchoka mdomo. Mimi nilichoka miguu, kiuno na makalio. Kila mwezi nilitoka nyumbani kwangu Kilole, pale Korogwe, alfajiri, nikapakia baiskeli juu ya lori la Handeni, na kutoka hapo nikaendesha mwenyewe hadi Kang'ata, vumbi likinijaa mpaka kwenye meno. Kanisa lilinituma nikawafanye watu wanafunzi wa Bwana. Kwa miaka yote ile nilipata mmoja, na hata huyo sikujua kama nilikuwa nimempata.

Alikuwa mzee wa Kizigua, mkulima wa mahindi na mihogo, Mwislamu kama ukoo wake wote. Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya mkonge, baba yangu Mnyamwezi aliyekuja kukata katani akasahau kurudi kwao. Sasa Mzigua na Mnyamwezi ni watani, tangu mababu zetu walipokuwa wakipita nchi ile na mizigo vichwani kwenda pwani. Mtani hakasirikiwi. Akikutukana unacheka. Akikuchukulia kuku unacheka, huku ukiitafuta siku ya kumchukulia mbuzi. Nilipomwamkia mara ya kwanza na kumwambia nimeleta habari njema, aliutazama mfuko wangu begani.

"Wanyamwezi hamjaacha tu kubeba mizigo," akasema. "Huo wa leo una nini?"

"Una Maandiko, mzee."

"Basi utue usome. Nchi hii babu zako walipumzika bure, na wewe pumzika."

Nikasoma. Akasikiliza akiwa amefumba jicho moja na kuinua kidole, na kila nilipofika mahali palipomgusa alisema, "Soma tena pale." Nikarudia. Mwezi uliofuata nikarudi, nikalima naye asubuhi, nikala ugali wake, nikamsomea jioni. Ndivyo tulivyofundishwa: usihubirie umati tu, tembea na mtu mmoja, shika jembe lake. Nililishika sana.

Tabu ilikuwa kwenye kumwuliza. Nikimwuliza ameelewa nini, ananitania. Habari ya mikate mitano kulisha maelfu aliipokea kwa heshima, kisha akasema ni dhahiri siku ile hapakuwa na Mnyamwezi hata mmoja, maana kusingebaki makombo. Nilicheka, na huko ndani nilikuwa nimechoka. Ningempa nini zaidi?

Halafu ikaja amri ya serikali, kila mtu ahamie kijiji cha ujamaa. Nyumba yake ya zamani ilikuwa peke yake, katikati ya shamba. Huko tuliweza kusoma mpaka tukauke, asituone mtu. Sasa alipewa kiwanja kwenye mstari, mlango kwa mlango na mdogo wake, mtu wa swala tano asiyependa mchezo. Mtu akikohoa, nyumba ya tatu wanasema pole. Siku ya kwanza nilipomsomea kwenye ule uwanja mpya, mdogo wake alitoka akasimama mbele yetu, mikono nyuma.

"Kaka, huyu anakusomea nini?"

"Huyu mtani wangu," akasema mzee. "Kabeba mzigo toka Korogwe. Namwacha aupunguze kidogo, asije akanifia hapa nikamlipia sanda."

Mdogo mtu akacheka bila kutaka, akarudi ndani. Baada ya hapo alikuwa akisikia sauti yangu anapiga kelele kutoka kwake, "Mtani, bado hujautua?" Kijiji kizima kikaizoea. Nami nilizidi kuumia, kwani niliona Neno la Mungu limegeuka kichekesho cha jioni.

Mchungaji wangu pale Korogwe naye alichoka. Alikuwa na mitaa mingi na watu wachache, na watu wa Kwamsisi walikuwa wakiomba mwalimu wa dini. "Utani si imani," akaniambia. "Nenda safari hii umwulize, akujibu ndiyo au hapana. Akicheka, funga pale."

Nikaenda. Jioni ile tulisoma habari za usiku ule Bwana alipokamatwa, na yule mwanafunzi mkubwa aliyekaa kuota moto uani na kumkana. Mzee hakusema "soma tena". Nilifunga Biblia. Nikamwuliza kwa sauti ya chini.

"Mzee, unaamini, au ni utani?"

Alichungulia mlango wa mdogo wake, kisha akanigeukia.

"Ukitaka nikujibu bila utani, itabidi tuuache utani," akasema. "Na tukiuacha, wewe utakuwa nani hapa? Nani atakuruhusu uketi?"

Nikaufunga mfuko wangu. Nilirudi Korogwe nikamwambia mchungaji kwamba hakusema ndiyo, na wala hakucheka. Akaniambia inatosha, nisirudi tena Kang'ata, nijiandae kuhamia Kwamsisi. Nasema kweli, sehemu moja ya moyo wangu ilishukuru.

Kabla sijahamia Kwamsisi, utingo wa lori akaniletea habari kwamba mzee amefariki kwa homa na ameshazikwa. Nikaenda bila kumuaga mtu. Nilifika siku ya kuanua matanga, na sikupewa hata nafasi ya kutoa pole. Msibani mtani ana kazi yake: humwigiza marehemu ili wafiwa wacheke na machozi yaishe. Mdogo wake mwenyewe, macho mekundu, alinivika kofia ya kaka yake akanikalisha kwenye kigoda chake. "Haya," akasema, "tuonyeshe."

Nikafumba jicho moja, nikainua kidole. "Soma tena pale," nikasema kwa sauti yake.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mdogo mtu alicheka mpaka akajishika ukuta, halafu akalia. Mimi sikuweza kucheka wala kulia.

Ndipo sauti ikatoka ndani, nyuma ya mlango uliorudishwa. Alikuwa mjane wake, amekaa eda na hatoki.

"Mtani."

"Naam, mama."

"Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema hata ukiwa umeondoka. Ananihadithia mimi yote, akifika mahali anajiambia mwenyewe, soma tena pale. Sasa yule aliyemkana bwana wake pale motoni, alirudi?"

Nilimtazama mdogo wa marehemu, nikingoja anifukuze. Alipangusa uso kwa mkono wa kanzu.

"Mjibu," akasema. "Hata sisi wa nyumba ya pili tulikuwa tunasikia."

"Alirudi, mama," nikaanza. "Bwana alipofufuka..."

"Usinihadithie," akanikatiza. "Wa kunihadithia nilikuwa naye, na utani wake ulikuwa mwingi, sijui neno lipi lilikuwa la Nabii Isa na lipi lake. Wewe nisomee."

Miguu iliniuma, na nilikuwa nimekatazwa kufika pale. Nikasogeza kigoda karibu na mlango, kofia ya mzee ikiwa bado kichwani, nikautua mfuko nikautoa ule mzigo.