Siku Mashine Yangu Iliponiumbua

Jamani, nianze kujicheka mwenyewe kabla hamjanicheka: niliumbuka mbele ya ukumbi mzima, na aliyeniumbua ni mimi mwenyewe nilipokuwa kijana.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Anwari wa Tanga, mstaafu, naishi Crescent Town, mtaa mmoja wa Toronto. Zamani zile kompyuta ndogo zilipoanza kuingia maofisini, nilikuwa kwenye kampuni moja hapa Toronto (ilishakufa), tukiandika mfumo endeshi, yaani ile programu inayoiamsha mashine na kuiambia diski iko wapi, kibodi iko wapi. Tulikuwa wawili, mimi na Murtaza wa Mombasa. Murtaza alikuwa mkimya, mimi domo, na kidogo kidogo "tuliandika" ikageuka "niliandika", kila harusi, kila futari, naye yuko palepale anakunywa soda yake, hasemi kitu. Hadi akafariki.

Basi mwaka jana kituo chetu cha Thornhill, cha sisi watu wa Afrika Mashariki, wakaniomba nizungumze na vijana. Ningekwenda na maneno matupu ningerudi salama. Lakini mimi na sifa! Nikaona niibebe mashine yenyewe, maana ninayo stoo na bado inawaka, nikaipakia kwenye gari la binti yangu, wakaiunganisha na skrini kubwa ya ukumbini, na Bi Sakina, mjane wa Murtaza, amekaa mstari wa mbele kabisa.

"Mfumo huu," nikasema, "niliuandika kwa mikono yangu miwili." Nikawasha.

Diski ya pili nilikuwa nimeisahau nyumbani. Na nilichosahau zaidi (miaka arobaini si mchezo) ni kwamba mashine ikiikosa diski hiyo huonyesha utani niliouficha humo mwenyewe, kwa Kiswahili, ili mabosi wasiuelewe. Ofisini, ukimtoa Murtaza, hakuna aliyeuelewa. Thornhill waliuelewa wote:

DISKI: MURTAZA. KIBODI: MURTAZA. KUMBUKUMBU: MURTAZA. HERUFI ZA SKRINI, NA CHAI: ANWARI.

Watu wakaangua kicheko. Mjukuu wangu akauliza kwa Kiingereza, tena kwa sauti, kama kweli babu alikuwa mpika chai. Mimi napapasa nyuma ya mashine natafuta swichi, siipati.

Bi Sakina hakucheka.

"Shemeji," akasema taratibu, "marehemu Baba Zehra alikuwa akiniambia kazi kubwa ilikuwa yake. Nami namwambia, acha kujisifu, mbona mwenzako anasema vingine?"

Hapo ndipo iliponiuma. Nikachukua maikrofoni nikasema, "Ni kweli. Ilivyoandikwa hapo ndivyo ilivyokuwa." Nikaenda kukaa.

Siku hizi mashine iko sebuleni kwa Bi Sakina, North York, nilimpelekea mwenyewe. Nami nimeapa sitasema tena "niliandika", labda kwa zile herufi za skrini nilizozichora tu, ambazo, kusema haki, siku ile zilisomeka hadi mstari wa nyuma.