Shehia Nane za Takua Pa

Bi Masouda binti Sleiman hakupata kutia mguu Thailand, lakini shehia nane za wilaya ya Takua Pa alizihesabu kwa vidole, kama wenziwe wanavyohesabu wajukuu. Wenyewe wenye nchi wana jina lao kwa sehemu hizo ndogo za wilaya. Yeye alizaliwa Unguja, akaziita shehia. Huanza na kisiwa cha Ko Kho Khao, humalizia Bang Muang, na hicho kidole cha mwisho hakikunji upesi.

Alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini Maskati. Miaka ishirini na mbili barua za mawilaya zilipita mkononi mwake. Barua isiyokuwa na wilaya, kijiji, na jina la mtu mpaka la babu yake, aliirudisha ilikotoka, hata kama imeandikwa na wali, mkuu wa wilaya mwenyewe.

"Masouda huyo," wakimcheka ofisini, "siku Izraili akimjia atamuuliza katokea wilaya gani!"

Naye hucheka nao. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Muatasim, aliyemlea peke yake mtaani Khuwair ya Kusini tangu mumewe alipofariki mwaka wa tisini na mbili. Disemba ya 2004 Muatasim, kishatimiza miaka ishirini na sita, alimsindikiza mjomba wake Mahfoudh Bangkok kupasuliwa goti. Goti likapasuliwa salama. Mahfoudh akamwambia, "Usikae hapa kunitumbulia macho, mwanangu. Nenda pwani siku tatu upunge upepo."

Jumamosi akampigia simu mama yake kutoka huko pwani.

"Uko wapi?"

"Nipo Takua Pa, mama."

"Wilaya gani, mkoa gani?"

"Lo, mama! Nimekuja kuogelea miye, sikuleta faili."

"Nambie."

Akamsikia anamuuliza mtu, huku anacheka. "Takua Pa ndiyo wilaya yenyewe, mkoa wa Phang Nga. Umeridhika?"

"Na shehia?"

"Shehia ntakwambia kesho, inshallah."

Kesho yake ndiyo ile Jumapili bahari ilipopanda juu.

Mahfoudh alishuka kusini na gongo lake kumtafuta, nyuzi za mshono hazijatolewa. Bi Masouda naye akafungua faili nyumbani, akatoa atlasi ya skuli ya Muatasim, akaiweka mapajani. Kila jioni kakake akipiga simu, hakuanza kwa kulia. Alianza kwa kuuliza: leo umepita shehia gani, sheha wake nani, hospitali iko umbali gani na pwani? Akaijua wilaya ile kuliko watu wa kule wanaoishi milimani. Akajua kuwa inatazama magharibi, mgongoni ina milima na msitu, na mto unateremka kupita mji wa zamani mpaka baharini. Akajua watu wake walichimba bati miaka na miaka, mpaka mashimo yakajaa maji yakawa maziwa. Mwalimu mmoja mzee alimwambia Mahfoudh kwamba zamani sana, miaka elfu na zaidi, wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiajemi wakifika katika pwani ile.

"Kumbe watu wa huku washafika," akasema Bi Masouda. Siku hiyo alikula kidogo.

Shehia saba zikaisha, hajaonekana. Ya nane, Bang Muang, Mahfoudh akaoneshwa kijiji kidogo cha Waislamu. Jumatatu ile, siku ya pili ya maafa, walimwokota kijana ufukweni. Uso haukujulikana tena, ila walimwona katahiriwa, wakasema huyu wetu. Sanda haikupatikana, maduka yote yamesombwa. Wakaifua wizari, shuka aliyokutwa nayo kiunoni, wakamzika nayo siku ile ile. Muosha alisema nguo ile ilikuwa nyeupe, pindo la kijani. Mwenziwe aliyemmiminia maji alisema la, pindo la buluu. Wizari ya Muatasim ilikuwa na pindo la kijani.

Wakati huo makaburi ya wasiojulikana yalikuwa yakifukuliwa, mifupa ilinganishwe na damu ya jamaa zao. Lile halijaguswa. Wanakijiji walingoja neno la jamaa.

"Dada, sema tu ndiyo," Mahfoudh alisema kwenye simu. "Wafukue, tujue moja."

"Wamemuosha?"

"Wamemuosha."

"Wamemsalia?"

"Safu tatu, wanasema."

"Basi wasimguse."

"Masouda! Na kama siye?"

"Kama siye, ana mamaake. Nimfukue mtoto wa mwanamke mwenzangu, nikiona si wangu nimfukie tena?"

"Utaweza kukaa hivi hivi umri wako wote?"

"Ntakaa."

Watu walimsifu kwa imani yake. Jirani yake Kheiria ndiye aliyeambiwa la ndani, jikoni, chai inachemka mpaka inamwagika.

"Shehia zimekwisha, Kheiria. Wakifungua wakamkuta siye, mimi nimtafute wapi tena?"

Mwezi wa pili akasomesha hitma. Nyumba ikajaa wanawake, juzuu zikagawiwa, zikasomwa zikaisha. Bi Nasriya, mwalimu aliyeshika dua, akamgeukia.

"Marehemu jina lake nani, binti Sleiman? Nani bin nani?"

Alichotaka kujua ni nani wa kuombewa. Wanawake wakainama. Bi Masouda alifungua mdomo, na jina lilikuwapo ulimini, zima, la mtoto na la baba na la babu. Akilitamka, kamuua kwa kinywa chake. Akaufumba mdomo. Akaufungua tena.

"Mtoto wa mama yake," akasema.

Bi Nasriya akamsogelea, asikie jina.

"Mkoa wa Phang Nga, wilaya ya Takua Pa, shehia ya Bang Muang. Mengine, mwalimu, sina."