Kutoka Lavington Hadi Kitandani Kwangu

Siwezi kujitoa kitandani. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani haya ni manung'uniko ya mama mvivu. Mgongo wangu uliumia ajalini, na tangu hapo lazima mtu aje aniinue, anioshe, anivalishe na kuniketisha kwenye kiti cha magurudumu. Akishamaliza, jirani yangu mwenye teksi ananipeleka Ngara, ambako nina kibanda cha zipu, vifungo na nyuzi. Wateja wangu ni mafundi wa nguo. Fundi hununua asubuhi kabla ya kuketi kwenye cherehani yake. Akikuta umefunga, anaingia kibanda cha pili, na akishazoea huko umempoteza. Kwa hiyo riziki yangu yote inategemea kitu kimoja: mlango wa nyumba yangu, mtaani Satellite, ufunguliwe mapema.

Aliyekuwa akiufungua ni msaidizi kutoka kampuni moja yenye ofisi Lavington. Mama wa makamo, mzaliwa wa magharibi mwa nchi, mwenye mikono iliyoshika jembe kabla ya kushika wagonjwa. Alijua kuniinua bila kunifanya nijione gunia la viazi. Wengine kabla yake walinivuta kwapani huku wakizungumza kwenye simu.

Kila mwisho wa mwezi kampuni ilinitumia bili yenye mistari miwili, huduma na usafiri, na ule wa usafiri haukuwa mdogo. Nililipa bila kuguna. Tena nilimhurumia mama wa watu: anatoka Lavington gizani, anabadilisha magari, yote kwa ajili yangu! Nilimlazimisha anywe chai kabla ya kunigusa, nikimwambia apate nguvu baada ya safari. Alikunywa, akashukuru, wala hakujua ninazungumzia safari gani.

Halafu ikaja asubuhi moja ya mvua kubwa, barabara zote zimefungika. Nikajiambia leo hafiki. Akafika mapema kuliko siku zote, amevaa ndara. Sasa niambie, nani huvuka Nairobi kwenda kazini na ndara?

"Dada, umetoka wapi hivyo?"

"Kwangu tu, mama. Nakaa hapa tu nyuma ya posho mill, pale wanasaga unga."

"Na Lavington?"

"Lavington kufanya nini? Huko nilienda siku ya interview. Mimi hukuja tu na miguu."

"Na pesa ya nauli, wanakupa?"

Alinitazama kama niliyeota ndoto. "Nauli ya kutoka hapo mpaka hapa? Aki mama!"

Nilicheka kwanza. Kisha nikamwomba anipe bili, nikausoma tena ule mstari wa usafiri.

Nilimwomba jirani anipeleke Lavington. Ofisi ilikuwa ndani ya nyumba nzuri, ukuta mrefu, bustani imenyolewa vizuri, na mbele ya mlango kulikuwa na ngazi. Ndiyo, ngazi, kwenye ofisi ya kuhudumia watu wasiotembea. Meneja, kijana mpole mwenye harufu ya sabuni ya bei, akateremka kuzungumza nami kwenye dirisha la teksi. Mlinzi alisimama kando akisikiliza.

"Madam, system yetu inahesabu kutoka ofisi mpaka kwa client. Kila client ni hivyo. Ndio iwe fair."

"Lakini hatoki ofisini. Anatoka nyuma ya posho mill."

"Kwa system anahesabiwa ametoka ofisi."

"Kwa hivyo ninalipia safari ambayo hakuna mtu ameenda?"

Akatabasamu. Tabasamu lile nalijua. Watu hunipa wakiona kiti cha magurudumu kwenye buti ya gari. Nikapandwa na hasira, nikamwambia waziwazi kwamba nitalipa usafiri siku msaidizi wangu atakapotoka kweli hapa Lavington. Akaandika kwenye simu yake. "Sawa madam. Feedback yako tumeipokea." Nilirudi nyumbani nikijiona shujaa.

Hawakuchukua muda. Ujumbe ulikuja wenye lugha tamu: malalamiko yangu yameshughulikiwa, na kuanzia sasa wasaidizi wote watafika kwanza ofisini kuweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio, ndipo waende kwa wateja. Gharama ya usafiri itabaki vilevile. Walinishukuru kwa kuwasaidia kuboresha huduma.

Yaani badala ya kufuta uongo, waliufanya uwe ukweli, na aliyetumwa kuufanya ukweli ni mama yule, kwa miguu yake mwenyewe, maana nauli bado hapewi. Sasa hunifikia jua limeshapanda, viatu vimejaa vumbi, amechoka kabla hata hajanishika. Mafundi wangu wawili wamehamia kibanda cha pili. Wakiniona hunisalimia kwa heshima kubwa sana, na hilo linaniuma kuliko kama wangenipita kimya.

Nilimwambia aache kampuni, nimwajiri mwenyewe. Akaendelea kunifunga kamba za viatu. Kampuni humpa wagonjwa wengine mchana kutwa, na mimi naweza kulipia asubuhi tu. Asubuhi yangu haiwezi kulisha watoto wake, hilo sote wawili tulilijua. Siku moja alijaribu kuniinua kwanza ndipo aende kuweka kidole. Alichelewa mashineni, wakamkata mshahara wa siku nzima. Nikamkataza kurudia.

Njia yake ya kwenda Lavington inapita chini ya dirisha langu. Mimi huwa niko macho tayari, kibofu kimejaa, namsikia akija kwenye changarawe. Husimama kidogo, hugonga kioo kwa kidole.

"Mama, umeamka?"

"Nimeamka, dada."

"Wacha niende ndio nikuje."

Yuko hapo, nyuma ya kioo, na mikono yake miwili inayojua kuniinua. Kisha hatua zake zinaondoka kuelekea Lavington, na safari hiyo ndiyo ninayolipia.