Anua Nguo, Mvua Inakuja

Jua lilikuwa linawaka mpaka lami ya getini inanata kwenye viatu. Wingu hata la dawa hakuna.

Bosi akachomoza kichwa mlangoni, simu sikioni, akaniambia: "Dada, mpigie mama watoto. Mwambie aanue nguo zote, mvua inakuja."

Nikachungulia dirishani. Nikamwangalia bosi. Nikachungulia tena.

Jamani, sekretari habishani na bosi kuhusu hali ya hewa. Nikapiga.

Kiwanda chetu kilikuwa cha dripu. Yale maji ya chupa anayotundikiwa mgonjwa kitandani, sisi ndio tuliokuwa tunatengeneza, kwa nchi nzima.

Nyumbani kwa bosi akapokea msichana wa kazi.

"Bosi anasema muanue nguo zote, mvua inakuja."

"Hata mbichi?"

"Zote, mdogo wangu. Usiniulize mimi."

Baadaye akanipigia anahema. "Dada, nimerundika kwenye makochi, zinachuruzika maji. Nikajua leo nafukuzwa. Lakini mama alipouliza nikamwambia ni maneno ya bosi, wala hakunigombeza. Kashusha masanduku, anafungasha!"

Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Saa ya chakula nikamsimulia mdogo wangu, Kibiriti. Tulimwita hivyo kwa sababu hakawii kuwaka. Wazazi walishatangulia, nikamlea mimi, na pale kiwandani alikuwa fundi wa mashine ya kufyatua chupa.

Hakucheka.

"Dada, mashine yangu wameifungua jana. Wameitia kwenye kreti la mbao. Eti inapelekwa nje, matengenezo."

"Si itarudi?"

"Haikuwa mbovu."

Haikupita wiki nikaelewa lugha. Kumbe "mvua" kwa wenye nazo ni pesa yetu kuporomoka, na "kuanua nguo" ni kubadilisha chako kiwe hela ya nje na kukivusha mpaka kabla watu hawajashtuka. Walipigiana simu wao kwa wao. Wakatoa wote kwa mpigo, na kwa kutoa kwao pesa ikaporomoka kweli. Sisi tusioijua lugha ndio tuliolowa.

Siku ya mwisho bosi alikuja kuchukua picha zake ukutani. Sikuvumilia.

"Bosi, na sisi je?"

"Mimi si mwizi, dada. Nimeogopa. Kila uchaguzi ukikaribia pesa ya nchi hii inaugua. Wenzangu wote wametoa chao, nibaki mimi, mjinga?"

"Na sisi?"

Akaangalia viatu vyake. "Mungu yupo," akasema, akaondoka.

Sikumchukia, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alikuwa mtu mwema. Mdogo wangu alipovunjika mkono, yeye ndiye aliyelipa hospitali.

Kiwanda kikafungwa. Kibiriti akaenda kubeba matofali kwenye ujenzi, na mimi nikawa nafua nguo za watu. Bei zikawa zinapanda kila ukienda dukani. Kisha ikaadimika dawa ya kusafishia maji ya bomba, maana nayo hununuliwa kwa hela ya nje, na hela ya nje ilikuwa imeshahama.

Mtaani yakaanza matumbo ya kuhara.

Kibiriti alianguka asubuhi akiwa anafunga kamba za viatu. Mpaka tunafika hospitali, macho yameingia ndani, ngozi ukiibana inabaki imesimama.

"Atundikiwe dripu haraka," akasema daktari.

"Dripu hakuna," akasema nesi.

"Nesi, sisi ndio tulikuwa tunazitengeneza!"

"Najua, dada yangu. Na mimi ndiye nilikuwa nazitundika. Hakuna. Jaribu nje."

Nilizunguka maduka ya dawa mpaka kandambili ikakatika. Kila mahali wananitikisia kichwa. Duka la mwisho muuzaji aliniangalia, akainama, akatoa chupa moja chini ya kaunta.

"Imetoka nje. Bei yake utalia."

Sikulia. Nilimmwagia kila nilichokuwa nacho, nikamwachia na simu juu yake.

Chupa ilipofika nusu, mdogo wangu akafumbua macho. Akaitazama ile chupa muda mrefu.

"Dada, chini ya chupa pana kovu?"

Nikainama kutazama. Palikuwa na mchirizi mdogo, kama ukucha umepita.

"Nilikigonga mimi kwa spana kile chuma cha mashine kinachoipa chupa umbo," akasema. "Tangu siku ile kila chupa ikawa inatoka na kovu. Bosi alinisema wiki nzima." Akatabasamu kwa midomo yake iliyopasuka. "Mashine yangu ni nzima, dada. Imekuja kuniona."

Nikalipapasa lile kovu kwa kidole. Matengenezo yenyewe yalikuwa kiwanda kipya, huko huko nje, na sasa chupa zilezile tunauziwa kwa hela tusiyo nayo.

"Nenda kalete nyingine," akasema nesi. "Moja haitoshi."

Nikakimbia. Muuzaji akafungua mikono: ilikuwa ile moja tu. Nikarudi nakimbia vilevile, mikono mitupu, sijui nilikuwa nawahi nini.

Nesi alikuwa ameshamfunika shuka.

Nimejaribu kutafuta wa kumshitaki. Wakili aliniuliza, "Bosi wako aliiba nini?" Mashine ilikuwa yake. Pesa ilikuwa yake. Woga wake hata mimi ningekuwa nao. Kilichokuwa changu ni Kibiriti peke yake, na yeye hakuna karatasi inayosema niliporwa.

Mnyonge hana haki, wahenga walimaliza. Lakini ukisikia nguo mbichi zinaanuliwa juani, au ukiona mashine inapakiwa pale unapofanya kazi, usicheke kama nilivyocheka mimi. Uliza inarudi lini. Hawatakujibu, na huna la kuwafanya. Uliza hivyo hivyo, ili siku ukimzika mtu wako usiwe na hilo pia la kujiuliza.